Njugu za Chumvi, na Kunde za Kuungwa kwa Njugu

Njugu karanga mbaya huharibika mapema, kabla hata haijafika jikoni. Sokoni Kibuye hapa Kisumu, kabla gorogoro, lile kopo la kupimia, halijamwagwa mfukoni mwako, chota kiganja kimoja utazame. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye vumbi la kijani au manjano usizinunue. Vumbi hilo ni kuvu, na aina zake mbili za Aspergillus ndizo hasa hutengeneza aflatoksini, sumu inayoumiza ini. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi huamini kwamba moto unamaliza kila kitu. Moto wa jikoni huua kuvu, lakini hauimalizi sumu, na chumvi huficha uchungu wa punje mbovu ambao ungekuonya uteme. Njugu iliyokauka vizuri hulia kiganjani ukiitikisa, na ukiiuma hukatika kwa mlio. Yenye unyevu hubonyea kwanza.

Kwa nusu kilo ya njugu mbichi, yeyusha vijiko 2 vya chai vya chumvi katika kikombe kimoja cha maji moto, mimina juu ya njugu, koroga, subiri dakika 20, chuja. Kisha zianike kwenye sinia hadi ngozi yake nyekundu ikauke kabisa. Jua kali huzikausha kwa saa 2 hivi. Usiruke hatua hii. Njugu yenye maji huchemka badala ya kukaangika, ngozi inababuka na ndani bado inanuka ubichi. Nako kunyunyiza chumvi mwishoni hakusaidii: haishiki, yote huishia chini ya kopo.

Tumia sufuria nzito na moto mdogo, makaa yakiwa yameanza kufunikwa na jivu. Mafuta hayahitajiki, maana karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta yake yenyewe. Koroga dakika 20 hadi 25 bila kuuacha mwiko. Kuanzia dakika ya 15, toa punje moja kila mara, uipasue. Ndani ikiwa rangi ya majani makavu, epua. Ukisubiri iwe kahawia umechelewa, kwa sababu joto lililo ndani huendelea kuivisha njugu hata nje ya moto. Zitakuwa laini kidogo mdomoni. Usizirudishe jikoni, zitakauka zikipoa. Zitandaze kwenye sinia pana, zisikae rundo, na zipoe saa nzima kabla ya kuziba kopo. Mvuke ukifungiwa ndani, kesho zimelegea, na baada ya siku chache unaalika kuvu uliyemkwepa sokoni.

Kabla hazijapoa zote, chukua kikombe kimoja, sugua ngozi zitoke, upepete, kisha utwange kwenye kinu. Zikiwa na vuguvugu hutoa mafuta upesi. Usitie maji kinuni. Njugu iliyotwangwa ikiingia maji hailali, huharibika.

Sasa kunde, yaani majani yake, ambayo Waluo huyaita alot-bo na Waluhya likhubi. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mafungu 2 ya majani yaliyooshwa na kukatwa pamoja na kikombe kimoja cha maji, upike dakika 10. Maji hayo usiyamwage. Chota kidogo, uyatie kwenye njugu iliyotwangwa kijiko kwa kijiko ukikoroga. Mwanzoni itakaza kama udongo. Endelea tu, italegea mpaka iwe kama uji mzito. Ukiitupa kavu sufuriani itafanya mabonge na chini itaungua. Mimina, punguza moto, koroga dakika 7 hivi hadi mafuta yaanze kuelea juu. Onja kabla ya kuongeza chumvi, maana njugu tayari zinayo. Magadi mimi siweki kwenye majani machanga: yanalainisha, ndiyo, lakini yanaharibu vitamini C na B1.

Mboga hii hukaa vizuri na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kama aina iitwayo Kabode, vilivyochemshwa na maganda yake kwa maji machache, sufuria ikiwa imefunikwa. Ile rangi ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hufyonzwa vizuri panapokuwa na mafuta; hapa yanatoka kwenye njugu.

Mtoto wa chini ya miaka 5 usimpe njugu nzima, inaweza kumpalia. Mpondee kiazi, umchanganyie kijiko cha njugu iliyotwangwa laini.