Je, wajua kwa nini daktari hukubonyeza mbavu unapomwambia kifua kinauma?

Kwa sababu moyo haubonyezeki. Umekaa nyuma ya mfupa wa kidari, kidole hakiufikii. Gegedu na misuli ya mbavu viko juu juu, na ndivyo vinavyowaumiza wengi kati ya wanaofika kituo cha afya wameshika kifua wakidhani ni moyo.

Kubonyeza hakuji kwanza, lakini. Kwanza ni maswali. Je, maumivu yanabana au kukandamiza? Yanakuja ukibeba ndoo na kutulia ukipumzika? Yanapanda tayani au mkononi, yakiwa na jasho la baridi, kichefuchefu au kuishiwa pumzi? Una kisukari, presha, unavuta sigara? Majibu yakitia shaka, kipimo cha umeme wa moyo kifanyike ndani ya dakika 10 tangu ufike. Zahanati isiyo na mashine ikupe rufaa hapo hapo. Pumzi ikikata ghafla huku mguu mmoja umevimba, hasa baada ya upasuaji au kujifungua, daktari anafikiria damu iliyoganda mapafuni, na hiyo nayo ni dharura.

Yasipokuwepo hayo, ndipo kidole kinaingia kazini. Daktari huanzia kwenye kishimo cha chini ya koo na kuteremka hadi kwenye tuta dogo la mfupa wa kidari: ubavu wa pili unaungana hapo. Kutoka hapo hubonyeza ukingoni mwa kidari, ubavu kwa ubavu hadi wa tano, kisha pande zote mbili alinganishe. Halafu huuvuta mkono wako uvuke kifua kuelekea bega la pili. Swali la maana si "unaumia?", maana ukibonyezwa kwa nguvu utaumia tu. Swali ni "ni maumivu yale yale yaliyokuleta?" Hata jibu likiwa ndiyo, mzee mwenye kisukari haachiwi kwa kidole peke yake, anaweza kuwa na yote mawili, ya mbavu na ya moyo.

Dodoma maumivu haya ya mbavu yana msimu wake. Mvua za Desemba zikianza watu wanashika jembe, na mavuno ya zabibu huko Hombolo yana kreti za kubeba. Tiba ni kupunguza mzigo, kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na parasetamoli. Yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na hilo lisikutishe.

Kinachoharibu mambo ni diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani. Kama chanzo ni tindikali inayopanda kutoka tumboni, dawa hiyo inazidisha. Kiungulia huchoma katikati ya kifua, hasa ukilala mara baada ya ugali wa usiku. Kwa kawaida huandikiwa omeprazoli miligramu 20 kwa siku, wiki 4 hadi 8, imezwe nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Wengi huimeza wakishakula, au huacha siku ya tatu, kisha husema haifanyi kazi. Dawa ya tumbo ikikupa nafuu, bado si ushahidi kwamba moyo ni mzima.

Kichomi kinachokata ukivuta pumzi huweza kuwa cha mapafu: nimonia, au kifua kikuu ikiwa kuna kikohozi, homa za jioni na kukonda. Makohozi yapimwe, matibabu ya kifua kikuu ni bure.

Mkanda wa jeshi ndio mjanja kuliko wote. Huunguza upande mmoja siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea, kwa hiyo ngozi ikaguliwe tena. Dawa yake, asaikloviri, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 baada ya vipele kuonekana, na ni vyema kupima VVU pia.

Hofu nayo huumiza kifua kweli: pumzi zinakwenda mbio, vidole na midomo vinawasha na kufa ganzi. Mgonjwa aongozwe kupumua taratibu. Kumfunika mdomo na mfuko ni kosa: kumbe ni pafu au moyo, umemnyima hewa anayoihitaji.