Uboreshaji wa nasaba za vijidudu vya kiwandani ni nini?

Ni kazi ya kuchagua vijidudu kama hamira, ukungu au bakteria, au kubadili jeni zao, mpaka vitoe kitu fulani kwa wingi unaolipa kiwandani: dawa, vimeng'enya, vitamini, hata mafuta ya magari. Nasaba ni kama ukoo. Vijidudu viwili vya spishi moja, vyenye sura moja, vinaweza kupishana sana kwa mazao.

Ugumu wake ni kwamba kijidudu hakifanyi kazi kwa ajili yetu. Hutengeneza kinachokitosha, basi. Ukungu ambao Alexander Fleming aliugundua London mwaka 1928 ulitoa penisilini kidogo mno kwa kila lita, kiasi kisichoweza kutibu watu wengi. Mwaka 1943, huko Peoria, Illinois, watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walipata kwenye tikiti lililoota ukungu nasaba iliyoupita kwa mbali. Ikapigwa eksirei, kisha Chuo Kikuu cha Wisconsin kikaipiga mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo huvuruga jeni ovyo: seli nyingi hufa, zilizobaki hupimwa moja moja, na inayotoa zaidi ndiyo inayozalishwa tena, kama mkulima anavyotenga mahindi manono kwa mbegu. Nasaba za leo hutoa makumi ya gramu kwa lita. Zilipokuja kuchunguzwa, baadhi zilikutwa na nakala kadhaa za kundi la jeni za penisilini mahali pa nakala moja. Waliozichagua walikuwa wakitazama mazao tu. Jeni zenyewe hawakuwa na namna ya kuzisoma.

Njia ya pili ni kuhamisha jeni kwa makusudi. Chukua artemisinini, kiini cha dawa ya mseto ya malaria. Hutoka kwenye mmea wa artemisia, unaolimwa China, Vietnam, na huku kwetu Kenya, Tanzania na Uganda. Kundi la mwanasayansi Jay Keasling, Berkeley, California, lilipandikiza jeni za mmea huo ndani ya hamira. Lakini malighafi inayohitajika kwa dawa ndiyo ileile hamira huitumia kutengeneza ergosteroli, mafuta ya kujengea utando wa seli yake. Ukiziba njia hiyo kabisa, inakufa. Ukiiacha wazi, dawa hupati. Wakaibana bila kuifunga. Mwaka 2006 walipata kama miligramu 100 za asidi ya artemisini kwa lita. Kufikia 2013, baada ya marekebisho mengi, ni gramu 25. Asidi hiyo hugeuzwa kuwa artemisinini kwa kemia.

Kufaulu kwenye chupa ya maabara hakutoshi. Ndani ya tangi la maelfu ya lita, joto hupanda na oksijeni haifiki kila kona. Tena seli inayoachana na mzigo wa kuzalisha hukua haraka kuliko wenzake wanaoubeba, na muda si mrefu hao wavivu wamejaa tangi zima.

Halafu kuna bei, ambayo naona wapenzi wa teknolojia huisahau mapema. Sanofi, kampuni ya dawa ya Ufaransa, ilizalisha artemisinini ya hamira Garessio, Italia, kwa dola 350 hadi 400 kwa kilo. Ile ya shambani ikashuka chini ya dola 250. Mwaka 2015 kiwanda hicho hakikutoa hata kilo moja ya artemisinini.