Mnyoo wa kichocho anavyoitumia kinga yetu

Ufuoni mwa Ziwa Victoria, mjini Kisumu, vijana wameosha magari kwa miaka mingi wakiwa wamesimama majini, suruali zimekunjwa hadi magotini. Humo mna konokono wanaotoa viluwiluwi wa kichocho cha utumbo, na kiluwiluwi hangoji jeraha: hupenya ngozi nzima kwa dakika chache. Wiki kadhaa baadaye ni mnyoo wa karibu sentimita 1, yumo ndani ya mshipa wa damu wa utumbo, dume amembeba jike kwenye mfereji wa mwili wake. Anaweza kuishi humo miaka 3 hadi 10, pengine zaidi.

Mbona kinga haimwoni, ilhali imo katika damu hiyohiyo? Anajivika. Hujipaka molekuli zetu wenyewe, hata zile za kundi la damu, kinga ikampita kama mtu wa nyumbani. Tena maradhi yakikaa, mwili huongeza chembechembe za kuituliza kinga. Nalitilia mkazo hili kwa wazazi, kwa sababu utulivu huo haumfaidi mnyoo peke yake: watu wenye minyoo wameonekana kuitikia kwa udhaifu chanjo kadhaa, ikiwemo ya kifua kikuu.

Mayai ni habari nyingine. Jike hutaga mamia kwa siku, nayo hayatoki mwilini yasipovuka ukuta wa utumbo. Yai haliwezi kutembea. Kinga ndiyo hulivusha: chembechembe nyeupe hulizingira, hufanya kivimbe, nalo husogea taratibu hadi kwenye kinyesi. Mwaka 1997 watafiti waliripoti kwamba waosha magari wa Kisumu wenye VVU, ambao CD4 zao (chembechembe za kinga zinazoharibiwa na VVU) zilikuwa chini, walitoa mayai machache kuliko wenzao wasio na VVU, ingawa dalili za minyoo katika damu zilifanana.

Mayai mengine husombwa hadi kwenye ini. Huko vivimbe vilevile huacha makovu, damu hukosa njia, wengu huvimba, na mtu huweza kutapika damu. Kwa hiyo madhara makubwa ya kichocho hutokana na kinga yetu wenyewe.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo wakubwa, si wachanga, ndiyo maana tunasisitiza dawa irudiwe. Nayo humvua mnyoo vazi lake, kinga ikapata kumwona. Baadhi ya waosha magari wale, baada ya kutibiwa tena na tena, walianza kukaa muda mrefu zaidi bila kuambukizwa upya, na majini waliendelea kuingia.