Bendera ikiwa juu, bendera ikiwa chini: hesabu ya mlima kwenye gofu

Kanuni ninayoisikia kila mara kwenye viwanja vya gofu vya ukanda huu wa Ziwa Victoria ni hii: bendera ya shimo ikiwa juu yako mita 10, ongeza mita 10 kwenye umbali unaotaka kupiga, ikiwa chini yako mita 10, punguza mita 10. Makedi, yaani wabeba fimbo, wanaijua, wazee wa klabu wanaijua, na mgeni akiuliza ndiyo anayopewa. Si kanuni mbaya. Shida yake ni kwamba inamfaa mtu ambaye mpira wake unaanguka kwa digrii 45 kutoka usawa wa ardhi, na wengi ninaowafundisha hapa Mwanza mipira yao haianguki hivyo.

Mlima hauupunguzii mpira nguvu. Mpira unaruka njia ileile ambayo ungeruka kwenye tambarare, ila grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) iliyoinuka inaukatiza kabla haujamaliza kushuka, na grini iliyo bondeni inauacha uendelee kushuka huku bado unasonga mbele. Kwa hiyo cha kujiuliza ni kimoja: mpira wako ukishuka mita moja, unasonga mbele kiasi gani? Unaoanguka karibu na wima unasonga kidogo, na mlima haukusumbui sana. Unaoingia kwa chini unasonga sana, na mlima unakula umbali wako.

Kwa namba ni hivi. Mpira unaoanguka kwa digrii 50, kila mita moja ya mwinuko ni sentimita 84 za umbali. Kwa digrii 45 ni mita kwa mita. Kwa digrii 40 inafika karibu mita 1.2, na kwa digrii 35 ni mita 1.4. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour kule Marekani, kwa vipimo vya rada, wakipiga fimbo namba 7 mpira unaanguka kwa takriban digrii 50. Hao wanaweza kuhesabu pungufu ya mita kwa mita na wasipate hasara. Mzee wa miaka 65 anayepiga taratibu, au mama aliyeanza gofu mwaka jana, mara nyingi mpira wake unaingia kwa digrii 40 au chini ya hapo. Huyo akipewa hesabu ya mita kwa mita atabaki chini ya grini, kisha ataambiwa hana nguvu. Inaniuma kusikia hivyo, kwa sababu mkwaju wake haukuwa na kasoro. Namba aliyopewa ndiyo haikuwa yake.

Chukua wachezaji wawili wenye bendera mita 130 mbele na grini juu mita 8. Wa kwanza mpira wake unaanguka kwa digrii 50: apige kana kwamba ni mita 137. Wa pili unaanguka kwa digrii 38: apige mita 140. Sasa igeuze, grini iwe chini mita 12. Wa kwanza apige 120, wa pili apige 115 au 116. Tofauti hiyo inaweza kuwa mpira ulio karibu na shimo au mpira uliolipita shimo kwa mita kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo rahisi hailionyeshi. Njia ya mpira ni mkunjo, na kadiri unavyozidi kushuka ndivyo unavyozidi kusimama wima. Grini ya juu inaukamata mpira mapema, ukiwa bado umelala kidogo; grini ya chini inaukamata umechelewa, ukiwa wima zaidi. Ndiyo maana mlima unakula zaidi ya mteremko unavyorudisha. Nikiwa na shaka kwenye kupanda, naongeza fimbo moja, yaani nachukua inayofuata kwa urefu, bila kusita. Nikiwa na shaka kwenye kushuka, sipunguzi sana. Pia mpira unaotua kwenye grini ya juu utakimbia zaidi kidogo, na ule wa bondeni utasimama haraka.

Pembe yako utaijuaje? Huhitaji rada. Tafuta uwanja wa wazi ulio sawa, weka simu kwenye kigoda pembeni kabisa ya mahali mipira yako inapotua, irekodi kwa mwendo wa polepole, na asikae mtu karibu. Piga mipira kadhaa kwa fimbo moja. Kisha simamisha video mpira unapokaribia kugusa ardhi na utazame picha chache za mwisho: umeshuka kiasi gani, umesonga mbele kiasi gani. Vikilingana, una digrii 45. Ukisonga mbele zaidi ya unavyoshuka, mita kwa mita haikutoshi. Fanya hivyo kwa weji (fimbo fupi ya kuinua mpira juu), kwa namba 7 na kwa fimbo ndefu unayoitegemea, maana kila moja ina jibu lake.

Kazi ngumu zaidi ni kujua grini iko juu au chini kiasi gani. Mwanza ni jiji la miamba, na jicho lililozoea vilima vya Bugando na Isamilo huuona mteremko mdogo kama tambarare. Lakini ziwa linatusaidia. Mstari wa mbali wa maji uko karibu sawa na usawa wa macho yako, popote uliposimama. Ukitazama bendera na maji yakiwa nyuma yake, angalia mstari huo unaikata wapi. Fimbo ya bendera kwa kawaida ina urefu wa mita 2 na kidogo, na macho yako yako kama mita 1.6 juu ya nyayo. Mstari ukipita kwenye ncha ya bendera, grini iko chini ya nyayo zako kwa nusu mita tu. Ukipita juu ya ncha hiyo kwa urefu wa fimbo mbili za bendera, grini iko chini yako karibu mita 5. Kwenye ghuba, ambako ng'ambo iko karibu, utakosea kidogo, labda mita moja, lakini hilo ni kosa dogo kuliko la jicho tupu.

Vipo vipimo vya leza vinavyosoma mwinuko wenyewe. Vitumie mazoezini. Kwenye mashindano, sheria za gofu za tangu 2019 zinaruhusu kupima umbali lakini si mwinuko, kwa hiyo zima sehemu ya mwinuko. Kosa la kwanza ni adhabu ya mikwaju 2 kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, la pili unatolewa.

Wanafunzi wangu wakienda Entebbe au Kisumu hewa ni ileile ya nyumbani, maana ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Dar es Salaam ndiye atakayeona mpira wake umeongezeka kama asilimia 4. Ajue hilo kabla hajaanza kuhesabu mlima.

Upepo nao usiusahau. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo unatoka ziwani. Ukipiga kuteremka kuelekea majini saa tisa alasiri, upepo uko usoni, na mpira unaoshuka bondeni unakaa hewani muda mrefu zaidi, hivyo upepo unaufanyia kazi zaidi. Mara nyingi nafuu yote ya mteremko inaishia hapo. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu, na shimo lilelile linataka fimbo fupi zaidi.

Mwisho, angalia mpira wako umelala wapi. Mwinuko wa grini ni jambo moja, mteremko ulio chini ya miguu yako ni jingine. Ukisimama kwenye ardhi inayopanda kuelekea grini, mabega yakifuata ardhi, mpira utapaa zaidi, utapungua umbali, na kwa anayepiga kwa mkono wa kulia utavuta kushoto. Lakini kwa kuwa utaanguka wima zaidi, mita za mlima zitakugharimu kidogo kuliko kawaida. Ukisimama kwenye ardhi inayoteremka kuelekea grini ni kinyume: mpira utatoka chini, utaelekea kulia, utaanguka umelala, na kila mita ya grini iliyo chini itakuongezea umbali kuliko ulivyopima uwanjani. Hapo ulenge sehemu ya mbele ya grini, uache mpira ukimbie.