Ubunifu darasani ni nini hasa?

Neno lenyewe lina utata. Kubuni ni kutunga jambo jipya, na pia ni kuzua: ukimwambia mtu "hayo umeyabuni", umemwita mwongo. Huenda ndiyo sababu mzazi akisikia mwanawe anafunzwa ubunifu hudhani anachezeshwa tu, au kwamba ni kuchora na kuimba.

Katika elimu, ubunifu ni uwezo wa kutoa kitu kipya ambacho pia kinafaa. Sharti moja likikosekana, hakuna ubunifu: dau la karatasi halivui samaki. Na upya hautoki hewani. Flipflopi, chombo cha baharini kilichozinduliwa Lamu mwaka 2018, kiliundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, nyingi zikiyeyushwa na kufanywa mbao. Mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Plastiki ilikuwa ngeni, ila walioiunganisha walikuwa mafundi wa majahazi.

Mtaala wa umilisi nchini Kenya unauhesabu ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, lakini hauwezi kufundishwa kwa kunakili maana yake ubaoni. Zoezi la bei rahisi ni kifuu cha nazi. Uliza kinafaa kwa kazi gani, kila mwanafunzi aandike peke yake kwa dakika 8. Kwanza yatakuja upawa na kata. Hayo ni kumbukumbu, yamo katika kila jiko. Wakikwama, usiwasaidie, mawazo mageni huja baada ya yale ya kawaida kwisha. Katika kuyapima, mwanasaikolojia Mmarekani J. P. Guilford alitazama mambo manne: wingi, tofauti za mafungu, upekee na ufafanuzi. Upawa, kata na bakuli ni mawazo matatu ya fungu moja, vyombo. Mkaa ni fungu la pili, vifungo vya nguo la tatu.

Halafu ndipo kuchuja. Makundi ya wanne wanne wachague wazo moja walitengeneze. Tuseme ni chombo cha kuoteshea mche. Nusu yenye macho ndiyo inayofaa, kwa kuwa jicho laini hutoboka kwa msumari na maji yakapita. Wakitumia nusu ya pili bila kuitoboa, maji hutuama na mizizi ikaoza. Waache waone wenyewe.

Zoezi huharibika mwalimu akisema "siyo hiyo" dakika ya pili, maana darasa zima hunyamaza. Kuanza na makundi nako kuna hasara: mmoja akisema, wengine wangoja zamu na wanasahau walilonalo. Lakini kosa kubwa ni kutuza unadhifu. Afadhali karatasi ya mwanzo, na michoro yake iliyofutwafutwa, ikusanywe pamoja na kifuu chenyewe, alama nusu kwa nusu.