Jinsi vipokezi vya seli vinavyojenga matriksi

Mkulima wa Kibosho, juu kidogo ya Moshi mjini, anapojikata mkono kwa panga akiwakatia ng'ombe migomba, damu huganda upesi na kigaga hufunika jeraha. Kazi nzito iko chini ya kigaga. Seli ziitwazo fibroblasti huingia humo na kujenga upya wavu wa protini unaoshikilia ngozi. Wavu huo ndio matriksi ya nje ya seli.

Ni rahisi kudhani seli hutoa protini nje, kisha protini hujipanga zenyewe. Fibronektini, mojawapo ya protini za wavu huo, haifanyi hivyo. Ini huitengeneza kwa wingi, nayo imo kwenye damu yetu muda wote, takriban maikrogramu 300 kwa kila mililita ya plazma (majimaji ya damu), na bado haifanyi nyuzi humo. Molekuli yake imejikunja, na sehemu za kushikana na wenzake zimefichika ndani, kama jina la kanga iliyokunjwa: hulisomi mpaka ishikwe pindo na kuvutwa.

Wa kuvuta ni seli, na mkono wake ni kipokezi kiitwacho integrini, kinachopenya utando wa seli. Kwa nje hushika fibronektini hasa kwenye kipande cha amino asidi 3 (vijenzi vidogo vya protini), ambacho Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walikitambua mwaka 1984. Kwa ndani huunganishwa na nyuzi za protini iitwayo aktini. Aktini na mayosini, protini inayozivuta nyuzi hizo, zikijikaza, fibronektini hunyooka, sehemu zilizofichika hufunuka, na molekuli jirani hudaka hapo. Uzi huanza kurefuka juu ya uso wa seli yenyewe. Seli ikinyimwa nguvu ya kujikaza, nyuzi hizo hupungua sana.

Tuna aina 24 za integrini; kwa fibronektini, kinara ni alfa-5 beta-1, yenye vijenzi viwili, alfa-5 na beta-1. Panya wasio na kijenzi cha alfa-5 hufa wakiwa bado tumboni mwa mama.

Kwenye kidonda, fibronektini hutangulia, kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ikafuata na kujipanga juu yake. Kwangu mimi, jambo la kuangaliwa zaidi ni pale uvutaji unapopitiliza. Matriksi ikikakamaa, integrini zilezile huipa seli taarifa, nayo huvuta zaidi. Watafiti wa makovu ya ndani, kama ya mapafu, wanajaribu dawa za kuziba baadhi ya integrini ili kuukata mzunguko huo.