Je, wajua kwa nini sonara hununua tochi ya gesi ilhali fundi anaweza kuiunda?

Tochi ya gesi ambayo sonara huishika kwa vidole anapounga pete au mkufu kwa lehemu ni kifaa chepesi kwa kuitazama: mpira wa gesi, koki, mrija na tundu la kutokea moto. Fundi mwenye keekee nzuri huiona bei yake dukani akajiuliza kwa nini asijitengenezee. Jibu linategemea kinachoulisha moto huo. Ikiwa ni hewa ya kawaida ya karakanani, tochi inaundika. Ikiwa ni oksijeni ya mtungi, heri inunuliwe.

Tuanze na ile inayoundika. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 962 za Selsiasi na dhahabu kwa 1,064, ilhali propani inayoungua vizuri katika hewa ya kawaida hukaribia nyuzi 1,980, kwa hiyo joto si haba. Ugumu uko katika kuchanganya, kwa kuwa lita moja ya propani huhitaji takriban lita 24 za hewa ili iungue yote, na hewa hiyo haisukumwi na chochote isipokuwa kasi ya gesi yenyewe, ambayo ikichomoka kwenye tundu jembamba huivuta hewa kupitia matundu ya ubavuni mwa mrija. Wanaojiundia tochi hupenda ncha ya shaba ya mashine ya kuchomelea ya MIG, ile ya waya wa milimita 0.6, kwa sababu imekwisha kutobolewa kiwandani, na tundu la wembamba huo ni rahisi kumvunjia mtu keekee.

Kisha kuna suala la mwendo. Moto wa propani ndani ya hewa husafiri kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde. Mchanganyiko ukitoka polepole mno, moto hurudi ndani ya mrija na kuungulia humo kwa mvumo. Ukitoka kwa kasi mno, moto huachana na mdomo wa tochi na kuzimika. Ndiyo maana mdomo hupanuliwa kama wa tarumbeta, ili mwendo upungue pale pale moto unapokaa. Fundi hupiga tupa kidogo, huwasha, hutazama, kisha hupiga tupa tena. Hata hivyo, regulata, yaani kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi itokayo mtungini, asiiunde, wala asifunge mpira moja kwa moja kwenye mtungi. Regulata ya jikoni nayo, ambayo kwa kawaida hutoa takriban milibari 30 tu, haitoshi. Anunue ya shinikizo kubwa, na kila kiungo akipime kwa povu la sabuni, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

Kwa mfua fedha, tochi ya namna hii haina upungufu wowote wa maana. Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine yoyote, hivyo moto mwembamba ukielekezwa kwenye kiungo kimoja cha pete, joto lake hutawanyika pete nzima na lehemu haiyeyuki. Inapasa kupasha kitu chote kwa moto mpana na laini mpaka boraksi, ule unga unaopakwa ili lehemu ishike, iyeyuke na kung'aa, ndipo lehemu ichirizike yenyewe ndani ya ufa. Mafundi wa Lamu wanaotia vipande vya vigae vya kale katika pete za fedha wangekuwa wanatupa pesa kununua tochi ya mwali wa sindano kwa kazi hiyo.

Mkufu mwembamba wa dhahabu ni habari nyingine, kwa sababu pete moja ya mkufu huo inapaswa kuungwa kabla jirani yake haijapata moto. Hapo huhitajika mwali mdogo wenye joto kali, nao hutoka kwenye oksijeni, kwa kuwa hakuna tena naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, inayokula joto bure. Lakini ndani ya oksijeni moto wa propani husafiri zaidi ya mita 3 kwa sekunde, na ukirudi nyuma hukuta mchanganyiko ulio tayari kulipuka. Tundu lazima liwe dogo sana na sahihi kabisa. Baadhi ya ncha ndogo za kiwandani hutobolewa katika yakuti ya kutengenezwa. Grisi iliyosahaulika kwenye koki yaweza kushika moto ikikutana na oksijeni yenye shinikizo. Anayechagua asetilini naye asithubutu kutumia bomba la shaba nyekundu, hata kama analo la friji bovu, kwani gesi hiyo na shaba huzaa kemikali inayolipuka kwa kuguswa tu.

Kwa tochi ya oksijeni, basi, vinunuliwe tochi yenyewe, regulata mbili, mipira na vali za kuzuia moto usirudi nyuma. Kishikio cha kuitundika mezani na kibao cha makaa cha kuungia kazi, hivyo fundi ajiundie.